Mashua yangu niiite Salama?

Swali: Shikamoo nahodha. Nimenunua mashua ya tanga ya futi 30 huko Nungwi, ya kupelekea wageni kupiga mbizi. Inaitwa Tawakal, na pwani hiyohiyo nimeshaona Tawakal nyingine mbili. Nataka niiite Salama. Redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, ninayo. Kuna tatizo?

Jibu: Marahaba, na hongera kwa chombo. Kuacha Tawakal sawa. Ni jina zuri, ila redioni wataitika watatu kwa mpigo. Salama ndiyo siitaki kabisa.

Siku ya shida utashika chaneli 16 useme "Mayday" mara tatu, kisha jina la chombo mara tatu. Hebu litamke: "Mayday, Mayday, Mayday, hapa Salama, Salama, Salama." Aliye kituoni, redio ikikwaruza, akadaka mwisho tu, ataelewa mko salama na kurudi kwenye chai yake.

Halafu kuna hiyo s. Redio ya VHF hupitisha sauti za kati ya herzi 300 na 3,000 hivi, na mvumo wa s kwa sehemu kubwa uko juu ya hapo. F nayo huumia vivyo hivyo. Upepo ukivuma, kinachofika ni "alama". Irabu ndizo zinazosafiri, na hapo majina yako yote mawili yameanguka: Tawakal ni a-a-a, Salama a-a-a. Tafuta silabi tatu au nne zenye irabu zinazobadilika na konsonanti nzito. Mimi ningechukua Kurumbiza: ndege mzuri, na u-u-i-a yake si rahisi kuichanganya.

Neno la kazi za chomboni pia liache. Joshi (upande wa upepo) na Demani (upande wa pili) yanapendeza yakiandikwa omoni, mbele ya chombo, lakini nahodha akipaza sauti "joshi!" baharia atajuaje anaambiwa nini?

Ukishalipata, usikimbilie rangi. Anza kwa msajili, yaani Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, maana leseni, bima na hati za redio lazima zisome jina moja. Kama redio ina MMSI, ile namba ya tarakimu 9 inayotambulisha redio ya chombo, aliyekupa naye aarifiwe. Ukiwa na EPIRB, kile kifaa cha kutuma ishara ya dharura kwa waokoaji, rekebisha jina kwenye usajili wake. Waokoaji watatafuta chombo kilichoandikwa humo. Na ukija kufunga AIS, kifaa kinachotangaza jina la chombo na mahali kilipo, jina lisizidi herufi 20, nafasi zikiwemo.

Wazee wakitaka dua na ubani kabla ya kufuta jina la zamani, wape nafasi. Hakuna kanuni ya redio inayokataza.

Kabla ya yote, jaribu. Mpe mwenzako redio ya mkononi, akae mbali ufukweni. Wewe simama tezini, nyuma ya chombo, injini ikiwaka, umsomee majina kumi kwenye chaneli 72, kila moja mara moja tu. Aandike anachosikia, na asikuulize urudie.