Ukiambiwa "Sikukuu Njema", Itikia

Desemba ikifika katikati, kabla hata mabasi ya Dar hayajaanza kumwaga watu stendi ya Moshi, kundi letu la WhatsApp la ukoo huwa limeshapokea ile meseji. Mnaijua. Usiandike X-mas, unamfuta Kristo. Usiseme "Sikukuu njema", taja Krismasi. Wasambazie watu kumi. Kwetu inaangukia mahali pabaya, maana tupo wa kila aina: mimi Mlutheri wa Machame niliyeolewa Kibosho kwa Wakatoliki, wifi yangu mkubwa ameokoka na kuhamia kanisa la kilokole, mdogo wake ameolewa na Mpare Msabato.

Kwa miaka niliyokaa katikati yao nina jambo moja la kuwasisitizia wenzangu: usimsahihishe mtu salamu yake mbele za watu. Kama una neno naye, mpigie simu.

Kuna mwaka mjomba wa mume wangu aliandika kwenye kundi: "Happy X-mas wanaukoo, tunawasubiri nyumbani, ndafu imeshalipiwa." Wifi akajibu hapo hapo: "Mjomba, Kristo si X. Tubu." Sasa "tubu" hiyo anaambiwa mzee wa miaka sabini na ushee, na wajukuu zake wanasoma. Kundi likanyamaza. Baadaye kidogo tukaona mjomba amejitoa. Tarehe 25 ndafu ilikatwa bila aliyeilipia, na kila aliyepewa kipande alikitafuna akiangalia chini.

Ile X yenyewe wala haina ubaya. Ni herufi ya Kigiriki, khi, ndiyo inayoanza jina la Kristo kwa lugha hiyo, na Wakristo wenyewe waliitumia kulifupisha jina hilo karne nyingi zilizopita. Nilishawaeleza hayo kwenye kundi, na picha nikaweka. Hayakusaidia kitu, kwa sababu ugomvi haukuwa wa herufi. Wifi alipobatizwa upya kwa maji mengi, mjomba alikataa kwenda na akasema maneno ambayo hayajasahaulika. Salamu ilikuwa upenyo tu. Kwa hiyo ukiona heri ya mtu imezua maneno makali kupita kiasi, uliza taratibu nini kilitangulia kati ya hao wawili. Mara nyingi utakuta msiba, ndoa au kuhama kanisa.

Halafu hii ya "Sikukuu njema" ina kwao. Huko Marekani watu wamevutana miaka mingi kama muuza duka aseme "Merry Christmas" au "Happy Holidays". Mwaka 2015 hata vikombe vyekundu vya mikahawa ya Starbucks visivyo na mapambo vilizua kelele. Wana sababu zao, na mashaka yao juu ya nani anaondoa nini kwenye maduka yao nawaachia. Ila mtu wa Moshi ananunua ugomvi huo wa nini? Hapa "Sikukuu njema" tunapeana Idi na tunapeana Krismasi. Jirani yangu Mwislamu huniambia hivyo asubuhi ya tarehe 25, tena mikono yake yote miwili imeshika mkono wangu, nami namrudishia siku yake ikifika. Nimsahihishe? Nimwambie nini, kwamba heri yake haijatimia?

Wapo wasioitaka Krismasi yenyewe, na hapo ndipo wazee wetu hukosea wanaposema "vikanisa vya juzi". Si vya juzi kiasi hicho. Bunge la Uingereza lenye Wapuritani, Waprotestanti wa msimamo mkali, lilipiga marufuku Krismasi mwaka 1647, na kule Massachusetts kuanzia 1659 mpaka 1681 aliyeisherehekea alitozwa faini ya shilingi 5. Hao walikuwa Wakristo wa kusali kweli kweli. Mtu akikuambia 25 Desemba haimo kwenye Biblia, mkubalie, haimo. Usimkimbilie na Warumi 14, ya kila mtu na siku anayoiheshimu, atakujibu kwa Yeremia 10 na mti wake uliopambwa, na chakula kitapoa.

Mama mkwe wangu ndiye ninayemwiga. Wifi aliwahi kufika getini, akaambiwa "Heri ya Noeli mwanangu," akajibu, "Mama, mimi Yesu wangu ni wa kila siku." Mama hakuweka hata kikapu chini. "Basi karibu, na chai yetu ni ya kila siku." Wakaingia ndani wanacheka. (Wifi alikula machalari sahani mbili, lakini hayo si ya kuandika huku.)

Watoto wangu nimewafundisha njia rahisi: shikamoo kwanza. Hakuna dhehebu lisiloitikia marahaba. Kisha mkubwa aseme salamu yake, na wewe umrudishie hiyo hiyo. Akisema Tumsifu Yesu Kristo, milele na milele, amina. Akisema Bwana Yesu asifiwe, unaijua. Shemeji yetu Msabato, ambaye kwao Upareni kanisa lake lipo tangu 1903, hutuombea mwaka mpya mwema, nami namwitikia hivyo hivyo. Ijumaa jioni namtumia "Sabato njema" bila kusubiri anikumbushe. Mbege haonji, tunampikia chai.

Jirani akiwa Shahidi wa Yehova usimpelekee heri wala sahani ya sikukuu siku hiyo, utamweka pabaya. Mpelekee ndizi tarehe 28, kama unavyompelekea mwezi wa sita.

Na kama wewe ndiye admini, meseji za "sambaza kwa watu kumi" zifute kuanzia Desemba mosi. Watalalamika. Mjomba tulimrudisha kwenye kundi mwezi wa tatu, na Desemba iliyofuata akaandika tena X-mas.