Kuuza vyombo vya marehemu bila kugombana na wanunuzi

Dada yangu, poleni kwa msiba. Umesema mlifungua nyumba ya marehemu baba pale Mkunazini, Mji Mkongwe Zanzibar, kuuza vyombo vyake, kaka yako akamfokea mama mmoja aliyetaja bei ndogo ya kasha, na sasa mtaa unawasema.

Kwanza kaka yako aende mwenyewe kumtaka radhi yule mama. Asitumwe mtoto.

Hapa kwetu kuomba kupunguziwa si dharau. Mnunuzi wa kasha atalifungua, atavuta visaduku vya chini, atapapasa misumari ya shaba, ndipo ataje bei yake. Mwacheni aangalie. Ikiwa haifai, "Bado haijafika, bibi, ongeza kidogo" inatosha. Pana mchwa au ufa, mwonyesheni kabla hajalipa.

Linaloudhi zaidi ni mtu kukubaliana bei, halafu anatokea mrithi mwengine anasema hicho hakiuzwi. Hilo ni lenu, si la mteja. Warithi wote mkubaliane mapema, na visivyouzwa vifungiwe chumbani. Mkishindwana, nendeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mirathi ni kazi yao.

Na mama yenu yumo edani, yaani anakaa ndani kwa kufiwa na mume, miezi 4 na siku 10. Msiwapitishe wanaume wa kando ndani. Vitoeni vitu barazani, wekeni maji ya kunywa na kiti kwa wazee, na aliyetangulia kufika ahudumiwe kwanza, hata kama nyuma yake amesimama dalali mwenye pesa mkononi.