Majina ya Kislavi: hizo "slav" na "mir" zina maana gani, na je Svetlana ni jina la mababu kweli?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mume wangu alisoma Urusi, sasa tunatarajia mtoto wa kike na yeye kashikilia tumuite Svetlana, anasema ni jina la asili kabisa la Waslavi tangu enzi za mababu zao. Mimi nimegugo nikachanganyikiwa, tovuti moja inasema hivi nyingine vile. Halafu mdogo wangu ananiambia hiyo "slav" kwenye majina kama Yaroslav maana yake ni mtumwa, ni kweli? Na hawa kina Ivan na Natasha, nayo ni ya Kislavi? Mama kijacho, Morogoro.

JIBU: Marahaba mama, hongera sana na Mungu akufikishe salama. Naanza na hilo la mtumwa maana ndo linaloniudhi kuliko yote, nafundisha Kirusi na kila wanafunzi wapya wakija lazima mmoja alilete.

Slav ya kwenye majina ya watu inatokana na slava, yaani sifa, utukufu, mtu kuvuma. Shina lake la zamani sana linahusu kusikia, kwahiyo mwenye slava ni yule ambaye habari zake zimesikika mbali. Wagiriki nao walikuwa na shina hilohilo, ndo ile kle unayoiona mwanzoni mwa Kleopatra, utukufu wa baba. Jina la watu wenyewe, Waslavi, wataalamu wengi wanalihusisha na slovo, yaani neno, watu wanaosema lugha ya kueleweka, na jirani yao Mjerumani wakamwita kwa neno lenye shina la bubu kwasababu walikuwa hawamwelewi, hadi leo kwa Kirusi Mjerumani ni nemets. Sasa habari ya utumwa ilikuja kinyumenyume. Zama za kati mateka wengi wa Kislavi waliuzwa, wengine wakafikishwa hadi Andalusia, yaani Hispania iliyokuwa chini ya Waislamu, ambako Waarabu waliwaita Saqaliba, ndipo jina la watu hawa likageuzwa kuwa neno la mtumwa kwenye Kilatini cha wakati ule na lugha nyingi za Ulaya Magharibi. Waslavi wenyewe hawakuwahi kumpa mtoto jina lenye maana hiyo, walikuwa wanamtakia sifa. Mwambie mdogo wako hivyo, na umwambie kwa msisitizo.

Majina yao ya zamani yaliyo mengi ni vipande viwili vimeunganishwa. Ukishavijua vipande kama ishirini hivi unaweza kusoma majina ya Mpolandi, Mcheki, Mserbia na Mrusi bila kufungua tovuti yoyote. Mir ni amani, na pia dunia (haihusiani na Amiri ya Kiarabu, hilo nalo watu hulichanganya). Vlad au volod ni kutawala, bog ni Mungu, mil ni mpendwa, drag ni wa thamani, rad ni furaha, stan ni kusimama, dobr ni wema, lyud ni watu, voj ni askari, yar ni ukali ule wa nguvu, mst ni kisasi. Basi Lyudmila anapendwa na watu, Bogdan katolewa na Mungu, huku kwetu tungesema Majaliwa, Vsevolod anatawala vyote, Mstislav sifa yake iko kwenye kulipa kisasi, na Vojtěch wa Wacheki ambaye Wapolandi wanamwita Wojciech ni askari na furaha.

Ila usilazimishe kila jina liwe sentensi. Wazazi walikuwa wanachukua kipande huku na kipande kule, mradi kila kimoja kina heri yake, ndo maana unamkuta Miroslav na unamkuta pia Slavomir, vipande vilevile vimepinduliwa tu. Tovuti za majina ya watoto zinapokosea mara nyingi ni hapa, zinataka kila jina liwe na tafsiri moja iliyonyooka. Mfano Vladimir, kote utaambiwa mtawala wa dunia. Vlad ni kutawala sawa, lakini maandishi ya zamani kile kipande cha pili kimeandikwa mer, siyo mir, na mer hiyo ilimaanisha mkubwa, mwenye sifa, baadaye ndo watu wakaisikia kama mir kwasababu neno hilo walikuwa nalo kila siku mdomoni. Kwahiyo Vladimir ni mkubwa katika utawala wake, dunia imeongezwa baadaye.

Angalia ukoo wa watawala wa zamani wa Kiev, mji ambao leo uko Ukraine, uone jinsi jina linavyobeba historia. Igor alimuoa Olga, na majina yote mawili siyo ya Kislavi, yametoka kwa watu wa Skandinavia, Ingvar na Helga, kwasababu ukoo ule ulitoka huko. Mtoto wao wakamuita Svyatoslav, huyo ndo wa kwanza kwenye ukoo kutawala akiwa na jina la Kislavi, alikufa 972. Baada yake mjukuu wake Yaroslav, yule aliyeitwa Mwenye Hekima, akazaa watoto wa kiume na ukiyasoma majina yao ni kama unasikia muziki: Vladimir, Izyaslav, Svyatoslav, Vsevolod, Vyacheslav, Igor. Slav inarudi, vlad na volod inarudi, na Igor kabaki pale peke yake anakumbusha babu walitoka wapi. Kipande kilikuwa ni mali ya familia, mtoto anapewa nusu ya jina la babu ajulikane ni wa nyumba ipi.

Hao ni wakubwa. Mimi ninayoyapenda hasa ni majina ya watu wa kawaida na hapa naomba univumilie nitarefusha.

Mwaka 1951 wachimbaji wa mambo ya kale kule Novgorod, kaskazini mwa Urusi, waliokota ardhini gome la mti wa beryoza limekwaruzwa maandishi, ni barua. Tangu siku hiyo yamepatikana zaidi ya elfu moja, meseji fupifupi za watu kuhusu madeni, samaki, ndoa, kesi. Moja ya karibu mwaka 1100 inaanza, kutoka kwa Zhiznomir kwenda kwa Mikula. Zhiznomir analalamika kwamba Mikula alinunua kijakazi kwenye mji wa Pskov na sasa mke wa mtawala kamkamata yeye Zhiznomir kwa ajili ya huyo kijakazi, anataka Mikula ashughulikie haraka. Sasa yatazame hayo majina mawili. Zhiznomir ni la Kislavi tupu, uhai na amani. Mikula ni Nikolai, mtakatifu wa kanisani, Mgiriki. Urusi ilibatizwa 988, na hapa zaidi ya miaka mia baadaye mtu wa jina la zamani anamwandikia mtu wa jina jipya na wote wako kwenye shida moja, hakuna anayeshangaa.

Na kulikuwa na majina ya kukinga. Mtoto mzuri, mtoto aliyesubiriwa sana, anaonewa wivu na vitu visivyoonekana, kwahiyo unampa jina la kumficha. Nekras, yaani siyo mzuri. Nezhdan, hatukumtegemea. Bibi yangu mimi kule Pangani aliitwa Sikudhani, nilipokutana na Nezhdan kwa mara ya kwanza sikuhitaji kuelezwa kitu. Waserbia nao wana Nenad, maana ileile, na hadi leo wanaume wanaitwa hivyo. Wabulgaria walikuwa na desturi kwamba kama watoto wanakufakufa basi anayezaliwa anawekwa njia panda, wa kwanza kupita anamuokota na kuwa mzazi wake wa ubatizo, na mtoto anaitwa Nayden, aliyeokotwa, hapo kifo kikija kumtafuta mtoto wa fulani hakimkuti, huyu ni wa kuokotwa. Kuna na Prodan, aliyeuzwa. Kuna Stana au Stanka, simama, baki, usiende.

Na kuna Vuk, mbwa mwitu. Vuk Karadžić, aliyezaliwa 1787, ndo aliyetengeneza maandishi ya Kiserbia yanayotumika mpaka leo na kukusanya nyimbo za watu wake, na yeye mwenyewe kwenye kamusi yake ya 1818 kaeleza jina lake: wazazi waliofiwa na watoto waliamini wachawi wanawala, sasa mchawi atakula binadamu lakini mbwa mwitu atamuogopa. Ndugu zake waliomtangulia walikufa wadogo. Yeye akaishi. Mzazi aliyelala macho wiki nzima na mtoto mwenye homa anaelewa jina hili limetoka wapi, awe wa Serbia awe wa Kilosa.

Haya ya kukinga Warusi hawayatumii tena ila yamebaki kwenye majina ya ukoo. Nekrasov ni uzao wa Nekras. Tretyakov, ile nyumba kubwa ya michoro Moscow ina jina la mfanyabiashara Pavel Tretyakov, na mwanzoni kabisa kwenye ukoo huo kulikuwa na mtu anaitwa Tretyak, yaani wa tatu kuzaliwa.

Sasa kina Ivan. Kanisa lilipokomaa, mtoto alipewa jina kutoka kalenda ya watakatifu, na watakatifu wengi walikuwa Wagiriki, Wayahudi na Warumi. Ivan ni Yohana. Natasha ni kifupi cha Natalia, Kilatini. Sergei Kilatini, Dmitri na Yuri Kigiriki, Yuri ni George tu kapita njia ndefu. Ni majina ya Kirusi, ndiyo, lakini siyo ya asili ya Kislavi. Hata Vladimir aliyeleta ubatizo, yule mtoto wa Svyatoslav na baba wa Yaroslav, kanisani aliitwa Vasily na Olga kanisani alikuwa Elena. Majina ya Kislavi yaliyopona Urusi kwa kiasi kikubwa ni yale ambayo mwenyewe alitangazwa mtakatifu, kama huyo Vladimir, na Lyudmila yule bibi wa Wacheki aliyeuawa 921. Serbia, Kroatia na Bulgaria mambo yalikuwa tofauti, kule watu waliendelea kuwapa watoto majina yao ya zamani, ndo maana makocha waliopita kwenye ligi zetu majina yao yanatafsirika moja kwa moja. Zdravko Logarušić aliyekuwa Gor Mahia na Simba ni mwenye afya. Goran Kopunović wa Simba ni wa milimani. Dušan Kondić wa Yanga ni roho. Milutin Sredojević, Micho wa Uganda Cranes, limetoka kwenye mil, mpendwa. Na Zlatan Ibrahimović unalo jina la Kislavi la dhahabu mbele na Ibrahimu wetu nyuma, baba yake ni Mwislamu wa Bosnia.

Kuna kundi jingine ni tafsiri. Vera, Nadezhda na Lyubov ni Imani, Tumaini na Upendo, maneno ya Kigiriki yaliyotafsiriwa ili Mslavi aelewe anaitwa nani. Sisi tumefanya kitu kilekile kwa Kiswahili, nani hana Imani au Tumaini kwenye ukoo.

Sasa mama tuje kwa Svetlana wako, na hapa mzee wa nyumba anisamehe. Shina lake ni la Kislavi safi, svet, mwanga, hapo hajakosea. Lakini jina lenyewe siyo la mababu. Ni washairi wa Kirusi wa mwanzoni mwa karne ya 19 waliolitunga, na lilienea sana baada ya shairi la Zhukovsky la 1813 lenye jina hilo. Kwenye kalenda ya kanisa halikuwepo, hivyo hata watu walipolipenda padri alimbatiza mtoto kwa jina la Fotinia, la Kigiriki lenye maana hiyohiyo ya mwanga. Lilikuja kuwa jina la kila mtaa baada ya mapinduzi ya Urusi ya 1917, wazazi walipoacha kufuata kalenda ya padri, hata Stalin mtoto wake wa kike aliyezaliwa 1926 alimuita Svetlana. Kwahiyo umri wake ni kama miaka mia mbili na kitu. Siyo sababu ya kuliacha, ni jina zuri na maana yake haina ubishi, ila mkija kumsimulia mtoto msimwambie aliitwa hivyo binti wa mtawala wa Kiev.

Kama baba anataka la zamani kweli basi Lyudmila ndo lenyewe, linazidi miaka elfu moja. Milica wa Waserbia nalo ni zuri, mpendwa, tatizo c hiyo inasomwa ts, huku kila mwalimu wa shule atamuita Milika hadi achoke, labda muandike Militsa. Vesna ni majira ya kuchipua, zamani lilikuwa neno zaidi kuliko jina lakini leo limejaa Serbia na Kroatia. Rada, furaha, ni fupi na linatamkika, ila kama mna ndugu Nairobi wajue kwamba kule rada ni neno la salamu mtaani, atalisikia kila kona. Vera mnalo tayari na hakuna atakayekosea kuliandika. Na mkibaki na Svetlana, mwambie karani wa vyeti vya kuzaliwa polepole, s-v-e-t, maana akiandika Swetilana leo kuja kurekebisha ni safari nyingine. Nyumbani mtamuita Sveta, ndivyo Warusi wenyewe wanavyofupisha.