Re: Naenda kukaa wiki moja monasteri ya Wabudha Thailand, nisije nikawakosea

Dada pole na presha, hiyo monasteri unayoenda, Wat Pah Nanachat, wamezoea wageni, mtawa wa Kithai Ajahn Chah aliianzisha 1975 huko mkoa wa Ubon Ratchathani ili watu wasio Wathai wafundishwe kwa Kiingereza, kwahiyo usiogope kuuliza.

Ulichouliza kuhusu salamu ndo cha muhimu zaidi. Wewe ni mwanamke, usimpe mtawa mkono wala usimguse hata kwa bahati mbaya, na ukiwa na kitu cha kumpa yeye anatandaza kitambaa mbele yake, unakiweka pale juu ndo anakichukua. Salamu ni kuunganisha viganja kifuani na kuinamisha kichwa, basi. Ukikaa chini kunja miguu pembeni, nyayo zisielekee sanamu ya Buddha wala watawa, kule ni utovu wa adabu kabisa.

Nguo beba blauzi nyeupe isiyobana na sketi ndefu, pafyumu acha nyumbani.

Msosi ni mara moja tu asubuhi, mchana ukishaingia huli tena mpaka kesho, sasa kama una kisukari, vidonda vya tumbo au unameza dawa na chakula tafadhali muone daktari kabla hujakata tiketi. Na kama umewahi kupata sonona au shida ya akili waambie mapema kabisa, ukimya wa siku nyingi unaweza kukuamshia mambo mazito.

Halafu waandikie kwanza uombe nafasi, usitokee tu getini. Hawatozi hela, ila kuchangia ni vizuri.