Kwa nini daktari aliuliza methali?

SWALI: Shikamoo Mama Muuguzi. Nilimpeleka mdogo wangu kliniki ya afya ya akili. Daktari alimuuliza leo ni siku gani, akamwambia atoe saba kwenye mia, tena na tena, kisha aeleze "Haba na haba hujaza kibaba". Kwenye faili akaandika "maruweruwe, utambuzi hafifu". Anamwona mjinga?
Kaka mtu, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapana. Swali la siku hupima kama anajua yuko wakati gani. 93, 86, 79... hapo anapima umakini, si hesabu (mimi mwenyewe hukwama kwenye 65). Asiyesoma huambiwa ataje siku za wiki kinyumenyume. Methali huonyesha kama anashika maana iliyofichika. Mgonjwa mmoja alinijibu, "Kibaba cha unga, sista," basi.

Maruweruwe ni kusikia au kuona kisichokuwepo: sauti inamwita, chumba kitupu. Usiyachanganye na imani potofu, mfano kushikilia kwamba jirani katia sumu kwenye mtungi hata ukiyanywa maji yale mbele yake. Na "utambuzi hafifu" si tusi: haoni kwamba anaumwa, ndiyo maana wengi wa namna hiyo hukataa vidonge. Usibishane naye kuhusu sauti. Mwambie wewe huzisikii, na tarehe ya kliniki msiikose.