Kwa askari wapya: msomeni Kiran Bedi, pamoja na pale alipokosea

Wadogo zangu mliotoka depo na mnasubiri kupangiwa vituo, kama mngeniomba jina la askari mmoja tu wa kumsoma kwa makini mwaka wenu wa kwanza, ningewapa la Kiran Bedi wa India. Huyu mama mnakutana naye sana kwenye simu, katika zile picha zenye maneno ya kutia moyo: mwanamke wa kwanza kuingia ngazi ya maafisa wa polisi ya India, mwaka 1972. Ni kweli, na ni jambo kubwa. Lakini kwa mtu anayekwenda kuifanya kazi hii, cha kusoma zaidi ni namna alivyokuwa akiamua mambo akiwa kazini. Mara nyingi aliamua vizuri. Mara moja, kwa maoni yangu, aliamua vibaya sana, na mara hiyo ina faida kwenu kuliko nyingine.

Wala msidhani India iko mbali nasi kwenye kazi hii. Kenya na Tanganyika zilitumia sheria ya adhabu ya India hadi 1930, na sisi Tanzania tuliendelea na sheria yao ya ushahidi hadi tulipotunga ya kwetu mwaka 1967. Mkisoma taratibu zao za kukamata na kupeleka mtu mahakamani mtajiona mko nyumbani.

Alizaliwa Amritsar, Punjab, mwaka 1949. Alikuwa bingwa wa tenisi tangu ujana, akafundisha siasa kwenye chuo cha wasichana kabla ya kuingia polisi. Mafunzo aliyafanyia Mount Abu, Rajasthan, mwanamke peke yake kati ya wanaume themanini. Mwaka 1975 aliongoza kikosi cha polisi wa Delhi kwenye gwaride la Siku ya Jamhuri, kikosi cha wanaume watupu. Mwaka 1978 alisimama mbele ya waandamanaji wenye panga akiwa na kirungu tu mkononi, na baadaye akapewa nishani ya ushujaa. Kisa hicho cha panga ndicho vijana wanachokipenda, nami nakipita haraka kwa sababu siwezi kuwafundisha ushujaa kwa maandishi. Naweza kuwafundisha kuandika faini.

Mwaka 1981 Bedi alipewa trafiki ya Delhi. Jiji lilikuwa likijiandaa kwa Michezo ya Asia ya 1982, barabara za juu na viwanja vinajengwa kwa haraka, magari yameegeshwa popote mwenye gari alipopenda. Akaleta winchi kuyakokota yaliyoziba njia, bila kuuliza ni ya nani, mpaka wakazi wa mji wakampachika jina la Bedi wa winchi. Agosti 1982 gari moja aina ya Ambassador likaegeshwa vibaya nje ya maduka ya Connaught Place, katikati kabisa ya jiji. Lilikuwa la ofisi ya Waziri Mkuu, na Indira Gandhi mwenyewe alikuwa safarini Marekani. Mkaguzi msaidizi aliyekuwa zamu, Nirmal Singh, akaliandikia faini kama alivyoandikia mengine.

Watu wengi husimulia kisa hiki kana kwamba Bedi ndiye aliyeandika ile karatasi. Hakuandika yeye. Sehemu yake ilikuja baadaye, wakubwa walipotaka kujua huyo mkaguzi ni nani na atachukuliwa hatua gani. Bedi akamsimamia, akakataa kumwadhibu mtu aliyefanya kazi yake. Naomba mliangalie hili vizuri, kwa sababu ninyi mtakuwa Nirmal Singh kwa miaka mingi kabla ya kuwa Bedi, na wengi wenu hamtakuwa Bedi kamwe. Mtu wa kujifunza kwake hapa ni yule wa barabarani.

Kilichomlinda ni kwamba alikuwa na kosa la wazi mbele yake na alitumia utaratibu uleule aliowatumia wenye pikipiki na teksi. Basi ukisimamisha gari, andika namba yake, mahali lilipo, saa, na kifungu kilichovunjwa kabla hujaanza kuzungumza na dereva kuhusu mwenye gari. Usisubiri kujua ni la nani ndipo uamue uandike au usiandike. Ukishamjua mwenyewe, kalamu inakuwa nzito, na hata ukiandika, tayari ulishasita, na kusita kwako umekuona wewe, dereva na waliosimama kando. Nimeona askari wazuri wakiharibikiwa pale pale, kwenye zile dakika za kuuliza "bosi wako nani?" Na ukipigiwa simu na mtu mkubwa ukiwa umeshaandika, jibu lako ni fupi: afande, kosa limeshaandikwa, namba ya fomu ni hii. Maamuzi mengine ni ya mkuu wako, na unamwarifu wewe mwenyewe mara moja, asije akasikia kwa watu wa nje.

Sasa njooni Januari 1988. Bedi alikuwa naibu kamishna wa wilaya ya Kaskazini ya Delhi. Askari wake walimkamata mwanasheria mmoja kwa tuhuma za wizi chuoni, wakamfikisha mahakama ya Tis Hazari akiwa amefungwa pingu. Mawakili wa Delhi wakagoma, wakidai waliohusika wachukuliwe hatua. Bedi akafanya kilekile alichofanya 1982: akawasimamia askari wake. Januari 21 mawakili walikusanyika kwenye ofisi yake, na polisi wakawatawanya kwa virungu. Mgomo ukaenea, kazi za mahakama zikasimama kwa muda mrefu, na tume iliyoongozwa na Jaji Wadhwa ikaja kuona kwamba kipigo kile hakikuwa na sababu ya kutosha, na yeye akabeba lawama.

Kuna wanaomtetea mpaka leo, na wana hoja zao. Mimi simtetei hapa. Mahakama Kuu Kabisa ya India ilikuwa imeshaamua mwaka 1980, katika kesi ya Prem Shankar Shukla, kwamba kumfunga mtu pingu njiani kwenda mahakamani kusiwe jambo la mazoea. Kuwe na sababu ya kweli ya kuhofia atatoroka au atadhuru watu, na sababu hiyo iandikwe. Miaka minane ilikuwa imepita. Kwa hiyo Nirmal Singh alikuwa na sheria upande wake, na waliofunga zile pingu walikuwa na swali zito la kujibu. Mkuu ni yuleyule, moyo wa kuwatetea walio chini yake ni uleule, na matokeo yamekwenda njia mbili tofauti kabisa.

Mtakapopata hata askari wawili tu wa kuwaongoza zamu, kumbukeni mpangilio huu. Mtu wako akilaumiwa, kwanza mkalishe chini akueleze hatua kwa hatua alichofanya. Fungua PGO, yaani kanuni za kudumu za kazi ya polisi, na sheria, mtazame pamoja. Akiwa sawa, simama naye mbele ya mtu yeyote. Akiwa amekosea, mwambie yeye kwanza, kisha uripoti, na usimruhusu mtu amdhalilishe. Hayo yanachukua saa moja au mbili. Bedi angezichukua saa hizo mapema Januari ile, naamini mambo yasingefika kwenye virungu. Na kuhusu pingu zenyewe: msizitumie kumwaibisha mtu. Mkiona hamna jibu la kuandika kwenye kitabu mkiulizwa kwa nini mlimfunga, basi hamna sababu ya kumfunga.

Mei 1993 alipelekwa kuongoza magereza ya Delhi, yaani Tihar. Wengi waliona ni adhabu, kwa sababu afisa wa polisi mwenye jina hupenda kupewa mji, hapendi kupewa gereza. Tihar ilikuwa na watu zaidi ya 8,000 kwenye majengo yaliyokusudiwa watu wapatao 2,500, na sehemu kubwa walikuwa mahabusu ambao kesi zao hazijaamuliwa. Ndani kulikuwa na dawa za kulevya, magenge, na askari waliochoka.

Huko alifanya mengi. Waliojua kusoma waliwafundisha wasiojua. Alipiga marufuku sigara, uamuzi uliopingwa vikali. Aliwaletea wafungwa mafunzo ya kutafakari kimya kwa siku kumi ya mwalimu S. N. Goenka, na Aprili 1994 zaidi ya wafungwa elfu moja walikaa pamoja kwenye mafunzo hayo. Mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Ramon Magsaysay. Lakini kama nyote mtasahau hayo, shikeni moja: sanduku la malalamiko.

Sanduku lile lilizungushwa kwa wafungwa huko huko waliko. Mfungwa alitumbukiza barua yake, na barua haikupita mikononi mwa askari wa bweni lake, ambaye pengine ndiye aliyelalamikiwa. Ilifunguliwa na kusomwa ofisini kwa mkuu. Aliyeandika alipata taarifa kwamba barua imepokelewa, na baadaye jibu. Tazameni masanduku ya maoni kwenye ofisi zetu nyingi. Liko ukutani karibu na meza ya mtu yuleyule anayelalamikiwa, kufuli limeshika kutu, na aliye na ufunguo hajulikani. Raia analiona, anajua maana yake, anaondoka na shida yake.

Huna mamlaka ya kubadili sanduku la kituo kizima, najua. Unayo mamlaka juu ya meza ya mapokezi ukiwa zamu. Mtu akija kulalamika, mpe kiti. Andika maneno yake jinsi alivyosema, umsomee, kisha umpe namba ya jalada kwenye karatasi, maana namba ya kuambiwa kwa mdomo anaisahau kabla hajafika barabarani. Mwambie siku ya kurudi, na siku hiyo hata kama upelelezi haujasogea, mwambie haujasogea na kwa nini. Na mahabusu muite kwa jina lake. Bado hajahukumiwa na mtu yeyote, na wewe si hakimu.

Kuhusu uhamisho nitasema kidogo. Bedi alikuwa kwenye kundi la maafisa wanaozungushwa Delhi, Goa, Mizoram na maeneo mengine ya aina hiyo, na alihamishwa sana, mara nyingine ghafla. Akiwa Goa, Daraja la Zuari lilikuwa limekamilika lakini likisubiri mgeni rasmi, huku magari yakipanga foleni ya kivuko; akaondoa vizuizi, akayapitisha darajani. Vijana hukipenda kisa hicho pia. Msikiige mkiwa na cheo mlicho nacho. Yeye ndiye aliyekuwa na dhamana ya trafiki, nanyi mtakuwa mnafungua daraja la mtu mwingine. Mwaka 2007 aliachwa kwenye nafasi ya kamishna wa Delhi, akapewa mtu aliyeingia kazini baada yake, na akaomba kustaafu mapema. Baadaye akaingia siasa, akawa gavana mdogo wa Puducherry kuanzia 2016 hadi 2021, na huko ubishi juu yake ni mwingi. Hayo si somo letu.

Tihar alikaa miaka miwili tu, akahamishwa 1995. Mafunzo ya kutafakari yakabaki na kituo cha kudumu ndani ya gereza, kwa sababu yalikuwa yameshapata chumba, ratiba, na walimu ambao si yeye. Kwa hiyo tangu wiki yako ya kwanza kituoni weka daftari la makabidhiano. Andika malalamiko yaliyo wazi, nani ameahidiwa nini na siku gani, shahidi gani anaogopa na anapatikana kwa njia ipi. Barua ya uhamisho ikija utakuwa na siku chache, na nusu yake zitaliwa na mizigo. Kabidhi kwa maandishi, nakala mbili, anayepokea atie sahihi, moja ibaki kwa mkuu wa kituo. Na wale walalamikaji ambao siku yao ya kurudi itafika wewe ukiwa umeondoka, wapigie simu mwenyewe, uwatajie jina la atakayewapokea.