Kabla Hujalipa Kiingilio

Mpwa wangu alinipigia simu asubuhi ya Jumapili, hata shikamoo aliitoa kwa hasira. Usiku ule alikuwa ametoa shilingi elfu hamsini, faida ya vitenge vya wiki tatu, akaenda uwanjani kumwona msanii anayempenda kuliko wote. Msanii akapanda jukwaani saa tisa kasoro usiku, akaimba nyimbo nne huku sauti yake mwenyewe ikimtangulia kutoka kwenye rekodi, akauliza "Dar mpo?" mara kumi na moja (binti alihesabu), akashuka. "Mjomba, mimi nilikuwa naangalia skrini tu. Na hiyo skrini yenyewe naiona kwenye simu ya mkaka aliyesimama mbele yangu."

Nilicheka, nikamwomba radhi, nikacheka tena. Halafu nikamwambia Jumapili ijayo avae viatu vya chini, nitampitia saa kumi na moja jioni.

Mimi si mwanamuziki. Nilijaribu tumba nikiwa shule, nikashauriwa niendelee na hesabu. Lakini nimekuwa mtu wa ukumbini tangu 1996, nilipochukuliwa na mjomba wangu, fundi cherehani wa Temeke, kwenda kuiangalia bendi ya Sikinde pale ukumbi wa DDC Kariakoo. Nilikuwa na miaka kumi na saba na suruali ya kuazima. Kwa hiyo haya ni mambo niliyojifunza kwa kukosea, na mengi yamenigharimu nauli.

La kwanza, usimlaumu sana yule msanii wa uwanjani. Wasanii kumi wakipangwa usiku mmoja, kila mmoja akija na bendi yake, fundi mitambo atakesha anahamisha nyaya. Ndiyo maana wengi wanampa DJ "flashi" yenye muziki uliorekodiwa na kuimba juu yake. Ni namna ya kazi, ina raha yake, hasa ukienda na marafiki. Lakini ukitaka kusikia muziki ukitengenezwa mbele ya macho yako, huko si mahali pake. Nenda kwenye bendi inayopiga kila wiki, ukumbi uleule, kwa kiingilio cha bei ya chipsi kuku.

Hapa Dar bahati hiyo tunayo, tunaidharau tu. Msondo Ngoma mizizi yake ni NUTA Jazz ya 1964, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilishwa jina na bendi ikabadilishwa, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, hadi ikabaki Msondo. Sikinde, yaani Mlimani Park, ilizaliwa 1978, na miongoni mwa walioianzisha alikuwemo mwimbaji Muhidin Gurumo aliyetokea upande wa pili, Msondo. Baadaye mzee huyo akarudi tena Msondo, na mpaka anafariki Aprili 2014 mashabiki wa pande zote walikuwa wanamwita wao. Mjomba wangu alikuwa Sikinde damu. Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa Msondo. Bendi hizo zikikutanishwa jukwaa moja, wale wawili walikuwa hawasalimiani kuanzia Ijumaa.

Fika mapema, mapema kweli, wakati wanafunga nyaya. Watu wanaona ni ushamba kufika ukumbini na viti bado vimepangana, ila saa hiyo ndiyo unamwona mpiga besi akigombana na spika inayotoa mkwaruzo, na mzee wa saksafoni akilowesha mwanzi mdomoni huku anapiga soga na muuza karanga. Niliwahi kumwona mpiga gita la ridhimu (lile la kushikilia mdundo) waya umemkatikia katikati ya wimbo. Hakusimama. Akahamishia vidole kwenye nyaya zilizobaki, akaendelea, na wimbo ulipofika mahali tarumbeta zinaingia akageuka mgongo, akafunga waya mpya kwa koleo dogo la mfukoni, akarudi kabla tarumbeta hazijamaliza. Ukumbi mzima wakicheza hawakujua. Mimi nilijua kwa sababu nilisimama upande wake, na tangu siku hiyo sijasimama pengine.

Huo ndio ushauri wangu mkubwa, kama utachukua mmoja: simama upande wa gita la ridhimu. Solo utaisikia popote, inalia juu ya kila kitu. Ridhimu ndiye anayeshikilia nyumba isianguke, na ukikaa mbali anamezwa na besi. Hatua tano au sita kutoka jukwaani zinatosha. Ila usijibanze kwenye spika kubwa za pembeni. Nilifanya hivyo usiku mmoja wa mkesha wa mwaka mpya kwa sababu palikuwa na nafasi (sasa najua kwa nini palikuwa na nafasi), masikio yakavuma hadi Jumatatu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa mwongozo kwamba wastani wa sauti kwenye kumbi usizidi desibeli 100. Kumbi zetu nyingi hakuna anayepima, basi jipime mwenyewe. Ukianza kumpigia kelele mwenzako sikioni na bado hasikii, sogea nyuma.

Usimhukumu mwanamuziki kwa wimbo wa kwanza, wala wa tatu. Nyimbo za dansi tulizozizoea ni zile zilizorekodiwa Radio Tanzania, zikakatwa zitoshe kwenye kipindi. Ukumbini wimbo huohuo unakwenda robo saa. Nusu ya mwanzo ni kisa: ndoa, deni, rafiki msaliti. Watu wanacheza taratibu, wengine wanakaa tu wanasikiliza kama wako barazani. Halafu waimbaji wanarudi nyuma, magita yanabaki yenyewe, na hapo sebene ndiyo linaanza. Anayeondoka saa nne usiku akisema bendi imepoa, ameonja mchuzi kabla ya chumvi.

Sasa suala la noti. Beba noti ndogo. Mwimbaji akikugusa unakwenda kumtunza, unamwekea mfukoni au mkononi, unacheza hatua mbili, unarudi. Si lazima, lakini ni lugha ya ukumbi, na siku kiingilio kimekuwa kidogo ndiyo nauli yao ya kurudi. Kosa langu: chini ya taa nyekundu za ukumbini, noti ya elfu kumi na ya elfu mbili ni pacha. Nilimtunza mzee mmoja kwa madaha, nikarudi kwenye kiti najiona bwana mkubwa, nikaja kugundua wakati wa kulipa bajaji. Kwenda kumwomba anirudishie sikuthubutu. Nikatembea Kariakoo hadi Temeke saa tisa usiku, viatu mkononi, nikiuimba ule wimbo.

Kwenye taarabu hiyo lugha ina sarufi ngumu zaidi. Kule noti inapelekwa kwa beti. Mwanamke anaposimama na noti yake hewani, akacheza polepole kupita meza fulani kabla hajafika kwa mwimbaji, ujumbe umeshafika kwa mwenyewe. Mimi, kwa ujinga wa dansi, nilisimama kwenye beti moja kwa sababu fidla zilikuwa tamu tu. Nilipokuwa narudi kukaa dada mmoja akanishika mkono: "Kaka, na wewe kakuudhi?" Nilikuwa nimejiunga upande katika ugomvi wa nyumba ya kupanga nisiyoijua hata mtaa wake. Kama hujui beti linampiga nani, kaa, kunywa soda.

Ukitaka taarabu isiyo na kesi, vuka maji. Unguja wana Nadi Ikhwan Safaa iliyoanza 1905 na Culture Musical Club ya 1958, na kuna raha ya pekee kumsikia mpiga kanuni, kile kinanda cha nyuzi nyingi, akikwangua utangulizi peke yake kabla fidla hazijaingia. Mimi huenda Februari, wakati wa tamasha la Sauti za Busara ndani ya Ngome Kongwe. Tamasha lile lilianza 2004 na kilichonivuta ni kwamba wameshikilia muziki wa laivu. Chukua kitambulisho, kwa kuwa bei ya Mtanzania iko chini sana kuliko ya mgeni. Tafuta pa kulala mapema, Mji Mkongwe unajaa. Na kata tiketi, usingoje ya bure ya rafiki: mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, na wengi waliolalamika ni wale waliozoea kusikilizia nje ya ukuta.

Pale ngomeni ndipo nilipomwona Bi Kidude, mwimbaji mkongwe wa taarabu wa Unguja, miaka michache kabla hajatutoka Aprili 2013. Ngoma imefungwa kiunoni, ameitia kati ya miguu, kibibi chembamba cha kubebwa na upepo, na sauti inagonga mawe inarudi. Picha sina. Simu yangu ilikuwa imezima chaji tangu magharibi, na nilinung'unika sana. Ila ninazo video arobaini na kitu za maonyesho mengine, sijafungua hata tatu. Siku hizi narekodi kiitikio kimoja, naitia simu mfukoni. Mfuko wa mbele, tafadhali. Wa nyuma ni wa wenyewe.

Mapumziko yakifika, wasalimie wanamuziki. Shikamoo tu inatosha. Wengi ni wazee, na swali moja la kweli kuhusu gita linakupatia hadithi ambayo hakuna mtangazaji aliyewahi kuirusha.

Basi Jumapili ile tulifika saa kumi na mbili, binti akakuta watu kumi na wawili na mbwa mmoja. Akaniangalia kama nimemtapeli. Saa mbili bado yuko kwenye simu. Saa tatu na nusu sebene la kwanza lilipokatika, akaniuliza yule baba mwenye kofia anayepiga gita la pembeni ni nani, mbona hatazami hata vidole vyake. Saa tano alikuwa amesimama upande ule ule nilioutaja, mikono mitupu, kichwa kinakwenda.

Akanirudia anahema. "Mjomba, una elfu mbili?"

Nikaitoa, nikaisogeza kwenye taa ya kaunta, nikaitazama mbele na nyuma, ndipo nikampa.